Muziki Usiozaa Deni

Mtoto akisema anataka kusomea muziki, swali la kwanza nyumbani huwa: utakula nini? Nimelisikia sana Mombasa, na dada yangu aliyehamia California amelibeba hadi huko. Mimi silipingi. Ila huulizwa mapema mno, kijana anapochagua fani, kisha husahaulika siku ya kuchagua chuo, wakati ambapo lingefaa hasa.

Binti wa dada yangu huyo anapiga klarineti. Yuko mwaka wa pili katika chuo cha jamii, chuo cha umma ambako mkazi wa California hulipa dola 46 kwa kila yuniti. Yuniti 60, yaani nusu ya shahada, ni dola 2,760 bila vitabu. Sasa anatafuta chuo kikuu cha kuhamia, na moyo wake uko Berklee, Boston, ambako ada ya mwaka hupita dola 40,000.

"Mjomba, jina la chuo lina uzito," aliniambia kwenye simu.

Lina uzito, sikatai. Lakini anayehama na masomo ya muziki ana mtihani wake. Yuniti za historia na hesabu hupokelewa bila maneno mengi. Idara ya muziki hutaka kumpima yenyewe. Mtahini hupiga wimbo mfupi kwa kinanda, akaurudia mara kadhaa, naye mwanafunzi auandike noti kwa noti kwa kusikia tu. Akishindwa, huenda akarudishwa kwenye nadharia ya mwanzo hata kama alishapata A. Hata ile diploma ya kuhamia, inayompa kipaumbele katika vyuo vikuu vya jimbo, haimwondolei kupiga ala yake mbele ya jopo. Hivyo miaka miwili iliyobaki yaweza kuwa mitatu, na kila mwaka una ada yake.

Nilimshauri aviulize vyuo mambo matatu, na ajibiwe kwa maandishi: yuniti zangu ngapi za muziki mtazikubali, nitamaliza lini, na nani atanifundisha klarineti. Hilo la mwisho ndilo zito, maana mpigaji hukaa chumbani na mwalimu wake, wawili tu, wiki baada ya wiki. Na si ajabu kumkuta mpigaji wa okestra ya mji akifundisha katika chuo cha umma.

Vya bure pia vipo. Curtis, Philadelphia, haitozi ada ya masomo tangu 1928, ila chuo kizima kina wanafunzi wapatao 160. Ajaribu bahati yake, lakini asikitegemee hicho peke yake.

Ada kubwa isiyo mfukoni hukopwa, na kukopa harusi, kulipa matanga. Kazi za mwanzo za mwanamuziki hulipa kidogo: sherehe ya Jumamosi, kwaya ya kanisa, watoto wawili watatu wa kufundisha. Hizo ndizo zinazomkomaza. Mwenye deni la kila mwezi hawezi kuzingoja. Ataajiriwa dukani, na klarineti ikae kabatini. Asiyedaiwa atazipokea zote, huku mkono ukizidi kuwa mwepesi na jina likianza kujulikana. Kwa hiyo anayemtafutia mwanawe chuo cha bei nafuu asidhani amemnyima fahari. Amempa muda wa kuanza chini bila mdai mlangoni, na wanamuziki wengi huanzia huko chini.