Ruhusa ya Kutembea

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Siku 6, begi moja mgongoni, basi la usiku hadi Kitale, kisha Lodwar. Asubuhi nitembee kwenye msitu wa kando ya mto Turkwel, mchana nizurure mjini nikitafuta maduka ya vitabu, halafu nisonge mbele hadi Kakuma, kama kilomita 120 hivi. Nilikuwa nimechoka na Diani, si unajua.

Kakuma nina rafiki. Tulijuana kwenye kikundi cha WhatsApp cha wasomaji wa riwaya. Alizaliwa kambini, wazazi wake walikimbia kutoka Kongo. Nikamtumia mpango wote, na chini nikaandika: "Tupatane Lodwar Ijumaa, tutembee msituni pamoja."

Alijibu baada ya saa moja. "Ndugu yangu, sasa kwenye fomu niandike nini? Kwamba naenda kuona miti?"

Nilijisikia mjinga. Nilijua, vile tunavyojua mambo ya kwenye habari, kwamba mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali. Kibali hutolewa kwa sababu inayokubalika: matibabu, masomo, mambo ya aina hiyo. Kuzurura si sababu. Na kuzurura ndiyo sababu pekee niliyokuwa nayo mimi.

Basi je, ni sawa kwenda kustarehe mahali ambapo mwenyeji wako haruhusiwi kukurudishia ziara? Jibu langu la kwanza lilikuwa kughairi, nikamwambia hivyo. Akauliza: "Ukibaki Nairobi, mimi napata kibali?" Sikuwa na la kusema. Kughairi kungenisafisha mimi roho tu. Yeye kungemwacha palepale, tena bila mgeni.

Nikaenda.

Lodwar inalijua suala hili tangu zamani. Mwaka 1959, Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung, aliletwa Lodwar na kuwekewa mipaka. Hakuwa tena mfungwa, lakini hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Turkana yenyewe ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu wa nje hakuingia bila kibali. Huko kwetu nako, babu zetu walivaa kipande shingoni. Tunasimulia hayo kama mambo yaliyokwisha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 39, inampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako. Mistari miwili chini yake, haki ya kuingia na kuishi popote nchini inapewa kila raia. Kati ya "mtu" na "raia" ndipo Kakuma imekaa tangu 1992.

Utaniambia nchi ina usalama wake wa kulinda, na mgeni hufuata sheria za nyumba. Sawa. Lakini wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu amekaa zaidi ya miaka 30, na wengine wamezaliwa humohumo ugenini. Jembe hatujampa, na njia tumemfungia.

Msituni, chini ya migunga na mikoma, mama mmoja mwenye mbuzi alinisimamisha. Kijana wa boda aliyenileta akatafsiri: anauliza umemwomba nani. Miti ile ina wenyewe. Waturkana huita sehemu hiyo ekwar. Kila familia ina yake kando ya mto, na wakati wa kiangazi mbuzi huishi kwa maganda ya mbegu yanayoanguka. Mimi niliyedhani natembea porini nilikuwa nimeingia boma la mtu. Nikaomba radhi. Akauliza natoka wapi, akacheka, akanionyesha njia ya kivuli.

Tangu siku hiyo sina ugomvi na kuomba ruhusa. Ya yule mama ilichukua dakika moja, uso kwa uso, na kutaka kwangu kulitosha. Hakunidai nithibitishe kwamba naumwa ndipo nione miti.

Lodwar, duka nililopata liliuza madaftari, Biblia na vitabu vya shule. Rafu ya chini kulikuwa na riwaya chache zenye vumbi. Nikanunua moja, nikampelekea.

Kakuma alinitembeza mchana kutwa: sokoni, kwa Waethiopia wanaochoma kahawa, hadi kando ya mto Tarach uliokauka, mathenge imejaa kila upande. Alijua kila kichochoro. Jioni akatoa daftari lake. Ndani kulikuwa na safari: siku ya kwanza msitu wa Karura, siku ya pili vitabu vya "inama" barabarani Nairobi, kisha Lamu. Kila siku na bajeti yake.

"Kupanga hawajakataza," akasema.

Sidhani tena kwamba kusafiri kwangu ni kosa. Kosa lilikuwa kuiita bahati yangu, au pesa zangu, wakati ni haki ambayo mimi naitumia na yeye amenyimwa.

Nauli ya Kitale hadi Nairobi aliyoandika ilikuwa ya zamani. Nikamwambia ya sasa. Akaifuta, akaandika upya.