Darsa la Ramadhani 14: Bilali, jina la maji



Ukisikia jina Bilali unakumbuka adhana. Ni haki yako. Lakini kwa Kiarabu jina lenyewe ni la maji: bilali ni kile kinacholowesha koo, maji au maziwa, hata kidogo tu. Linatokana na balla, yaani kulowesha.

Sasa angalia. Ramadhani asili yake ni ukali wa joto la jua juu ya ardhi. Na ile ardhi ya Makka ambapo Umayya bin Khalaf alimlaza Bilali adhuhuri, jiwe kubwa kifuani, ili aache dini yake, kwenye sira inaitwa ramdhaa. Shina lake ndilo la jina la mwezi huu. Mwenye jina la maji akalazwa juu ya mchanga unaounguza, na bado alisema neno lile lile: Ahad, Ahad. Abubakar (r.a.) akamnunua, akamwacha huru. Mzazi anayelikwepa jina hili eti ni "la mtumwa", mimi simwelewi kabisa.

Jioni ukifuturu, ile dua inayotaja kiu kuondoka, sikiliza neno ibtallat, mishipa kulowana. Ni balla hiyo hiyo. Kila magharibi unalitamka shina la jina la Bilali, tende mkononi, pengine hujui.

Shina hili lina kazi nyingine, na hii ndiyo nzito. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) ametuagiza tuuloweshe udugu wa damu, japo kwa salamu. Waarabu huita kuunga udugu kulowesha, na kuukata kukausha, maana kitu kikikauka sana hupasuka.

Basi wewe uliyekwisha funga siku 13, na yupo kaka yako, au shangazi, hamjasemezana tangu yale mambo ya shamba la urithi. Koo lako unalilowesha kila jioni, yeye umemwacha mkavu mpaka lini? Sikwambii mmalize kesi ya shamba leo. Salamu tu. Namba yake unayo. Mpigie kabla ya magharibi, asipopokea mwandikie. Asipojibu, kesho mpigie tena.

Wabillahi tawfiq.