Niitie Huyo Mfumo

Mama yule alifika dirishani kwangu saa kumi na nusu alfajiri, kanga ya pili kaifunga kiunoni, macho mekundu. Alikuwa anakwenda Singida kuzika. Nauli yake ilipungua shilingi elfu saba. Nikabonyeza mashine, nikaitazama, nikasema neno ambalo siku zile nilikuwa nikilisema asubuhi, mchana na jioni: "Dada yangu, mfumo hauruhusu."

Akanikazia macho. "Basi niitie huyo Mfumo, niongee naye."

Vijana wangu wawili nyuma wakaangua kicheko. Mimi nami nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimesikia vizuri alichosema. Hakusema "huo", alisema "huyo". Alimtia Mfumo katika ngeli ya watu. Kwa akili yake timamu, anayeruhusu na kukataa ni mtu, na mtu huitwa, akaja, akaombwa. Aliyekosea sarufi pale dirishani nilikuwa mimi.

Nimekatisha tiketi za mabasi ya mikoani kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza Ubungo, na tangu mwanzoni mwa 2021 hapa Mbezi Luis, tulipohamishiwa kituo hiki chenye jina la Rais Magufuli, alichokizindua Februari mwaka ule, wiki chache kabla ya kufariki. Ubungo tulikuwa na kitabu, karatasi ya kaboni na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe. Huku ikaja tiketi mtandao, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wakiisimamia na wenye mabasi wakinung'unika. Bosi akanipandisha cheo, nikawa msimamizi wa ofisi na vijana watano chini yangu. Nadhani hesabu yake ilikuwa hii: mashine itawasimamia vijana, nami nitaisimamia mashine, naye atalala usingizi.

Kuhusu kitabu nitasema ukweli, maana wengi wetu siku hizi tunakililia kama marehemu asiyekuwa na kasoro. Kitabu kilikuwa na pembeni. Mtu akija na msiba, mgonjwa au mtoto aliyefukuzwa shule, niliandika nauli pungufu, nikatia neno "msiba" kwenye kona na saini yangu. Watu waliniombea dua. Lakini pembeni ileile ndiyo niliyompitishia shemeji yangu, ambaye kwa mujibu wa kitabu alifiwa mara tisa kwa mwaka mmoja. Na wenzangu madirisha ya jirani walikuwa na kitabu kizima cha pembeni, ambacho mwenye basi hakuwahi kukiona. Mwizi na mwenye huruma walipita mlango mmoja, wakati mwingine wakiwa wamevaa baibui moja.

Mashine ilipokuja, mlango ule ukazibwa. Wizi ulipungua, hilo silibishi. Ila nilianza kujiuliza jambo ambalo sikuwa nimeliwazia kabisa: kijana asiyeiba kwa sababu hakuna pa kuibia, je, ni mwaminifu? Bosi alisema ndiyo, hesabu zimetimia. Ustadhi wa darsa yetu ya kina mama, nilipomuuliza, alisema uaminifu ni amana, na amana ni ile uliyokabidhiwa ukiwa na uwezo wa kuihini. Kwa hiyo vijana wangu walikuwa hawajajulikana bado kama ni waaminifu. Walikuwa wamefungwa tu.

Swali hilo lakini ni jepesi kuliko la yule mama wa Singida. Ijumaa, makhatibu wengi huhitimisha hotuba ya pili kwa aya inayotaja uadilifu na hisani pamoja, kimoja baada ya kingine. Nimeisikia aya hiyo tangu utotoni nikidhani ni maneno mawili yenye maana moja, kama tunavyosema "amani na utulivu". Siyo. Uadilifu ni kila mtu kupewa haki yake, wala pungufu wala ziada, na kazi hiyo mashine inaifanya vizuri kuliko mimi. Haina shemeji. Hisani ni kumpa mtu kisichokuwa haki yake, na kwa hilo mashine haina hata kitufe.

Ustadhi akatusimulia habari ambayo tangu siku ile haijaniondoka. Khalifa Sayyidna Umar ndiye aliyeanzisha diwani, yaani daftari kuu la dola, kwa kauli mashuhuri mwaka wa 20 Hijria. (Neno ndilo hilohilo tunalomwitia diwani wa kata, ingawa wetu sijui kama ana daftari.) Majina yaliorodheshwa kwa koo na kwa kutangulia katika Uislamu, kila mtu na mgao wake. Kwa zama zile huo ulikuwa mfumo wa taarifa wa hali ya juu kabisa, na haukubuniwa Madina. Mfano wake ulitoka kwa Waajemi. Daftari likawa na kanuni: mtoto haandikiwi mgao mpaka aachishwe ziwa. Kanuni safi, yenye sababu, rahisi kuhakiki.

Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ukapiga kambi kando ya Madina, Umar akatoka na Abdurrahman bin Auf kuwalinda wasafiri. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamsihi amtulize, akaondoka. Mtoto akalia tena. Mara ya tatu akamuuliza mama kwa ukali kidogo, na mama, asiyejua anaongea na nani, akajibu kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hamwandikii mtoto anayenyonya. Wanasimulia kwamba alfajiri ile alisalisha huku kilio kimemkaba, watu hawakuweza hata kukisikia vizuri kisomo chake. Baada ya sala alijilaumu mwenyewe kwa watoto waliodhurika, akaamuru itangazwe kwamba kila mtoto wa Kiislamu ataandikiwa mgao tangu kuzaliwa, akaandika hivyo mpaka majimboni.

Hakulichoma daftari, wala hakumwambia yule mama kwamba daftari haliruhusu. Kilichonigusa zaidi ni kwamba mama yule hakulilaumu daftari, alisema "Umar". Kwake kanuni ilikuwa na jina la mtu.

Sisi Watanzania tumewahi kujaribu njia nyingine. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya hesabu kuvurugika badala ya kunyooka, mwaka 1974 kuingiza kompyuta nchini kukapigwa marufuku. Adhabu ikaangukia chuma. Siku hizi tumegeuza: chuma kinatetewa, na kila mkubwa anajificha nyuma yake. Lakini naona pia mfano wa karibu unaofanana na ule wa Madina. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa kazini watumishi wa umma zaidi ya 9,900. Uadilifu, tuseme, maana cheti feki ni feki. Mwaka 2022 serikali ikaamua wale watu warejeshewe michango waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Uhakiki haukuweza kulitoa neno hilo wenyewe. Ilibidi aliye juu ya mfumo aseme.

Nirudi dirishani. Siku ile nilitoa elfu saba kwenye pochi yangu, mashine ikapata nauli kamili, mama akapanda. Alinishukuru, na hapo ndipo nilipoona aibu ambayo sikuitegemea. Miaka yote ya Ubungo nilikuwa mkarimu kwa mali ya mwenye basi. Dua zote zile nilizipokea mimi, hasara akaibeba yeye bila kuulizwa. Hii ya elfu saba ndiyo iliyokuwa hisani yangu ya kwanza iliyonigharimu. Mashine ndiyo iliyonifundisha hilo, nami siwezi kuinyima sifa yake.

Ila msimamizi hawezi kuendesha ofisi kwa pochi. Nikamfuata bosi, nikamwomba tuwekewe kwenye mashine kitufe cha nauli ya msamaha, kwa kiasi maalumu kila mwezi. Bosi si mtu mbaya. Akauliza swali moja tu: "Nani atakibonyeza?" Nikasema vijana wote, maana msiba haujui zamu ya nani. Akakubali. Wiki ya pili kijana mmoja akakibonyeza kwa ajili ya mchumba wake aliyekuwa anakwenda Moshi kutembea. Pembeni ya kitabu ilikuwa imefufuka.

Bosi akataka kitufe kiondolewe. Nilimbishia, jambo ambalo si desturi yangu. Nikasema tukikiondoa tutarudi kwenye "mfumo hauruhusu", na safari hii tutakuwa tunasema uongo, kwa sababu sisi ndio tuliokataa. Badala yake tukaongeza vitu viwili: jina la aliyebonyeza, na nafasi ndogo ya kuandika sababu. Kila Jumamosi, dirisha likifungwa, nazisoma kwa sauti mbele ya wote watano. Mwenye mchumba alisomwa. Hakufukuzwa, alilipa tofauti ya nauli mbele yetu, noti moja moja, na sikumwona tena akikaribia kitufe kwa miezi miwili.

Na neno lile nimelipiga marufuku ofisini. Kijana akitaka kukataa, aseme "nimekataa", ili abiria ajue wa kumwomba.

Sababu wanazoandika ni zilezile: msiba, mgonjwa, kaibiwa simu, msiba. Lakini jana, nikipitia orodha, nimekuta moja imeandikwa na kijana yule yule wa mchumba. Abiria wa Dodoma, mzee, pungufu ya elfu nne. Kwenye nafasi ya sababu ameandika: "Nimeona tu."

Kesho ni Jumamosi. Sijajua bado nitamuuliza nini.