Usiseme Amina Kabla ya Kusoma

Neno la msingi: Mwanzo 29:15–27, 30:28–36, 31:7



Jumatano moja baada ya maombi ya jioni, dada mmoja wa kanisa hili alinifuata na bahasha mkononi. Alikuwa ametafuta kazi mwaka mmoja na nusu, na sasa amepata, hapa hapa Nakuru. Alitaka niiombee barua ya kazi kabla ya kuitia sahihi Ijumaa. Nikamuuliza, "Umeisoma?" Akatabasamu. "Pasta, nimeona mshahara. Hayo mengine si ni mambo ya kawaida tu?"

Singeweza kumcheka. Nilipomaliza digrii ya biashara, kampuni fulani ilinipa kazi ya mauzo. Barua ilikuwa na kurasa nne. Nilisoma ya kwanza, nikaona mshahara, nikatia sahihi ya mwisho. Jumapili nikasimama kanisani na ushuhuda, na mama yangu, aliyeuza waru Molo kunilipia karo, akalia kwa furaha. Mwezi wa tatu mshahara ukaja nusu. Kumbe ukurasa wa tatu ulisema muuzaji atalipia mzigo wowote utakaopungua, hata ukipungua stoo. Nilisoma mambo ya mikataba miaka minne chuoni, na wangu mwenyewe sikuusoma! Niliona aibu, kwa sababu kanisa lilikuwa limeshasema amina. Nikaacha kuja ibadani karibu miezi miwili.

Wapendwa, tunafunga siku tatu tukiomba kazi, halafu tunaitia sahihi kwa dakika tatu.

Labani hakusema yote

Labani alimwambia Yakobo ataje mshahara wake. Yakobo akataja: miaka saba kwa ajili ya Raheli. Sasa soma mstari wa 19 polepole. Labani hatoi jibu kamili. Anasema tu ni afadhali ampe yeye kuliko mtu mwingine, basi akae naye. Yakobo akasikia kile moyo wake ulitaka kusikia. Miaka saba baadaye, asubuhi, anakuta ni Lea. Labani anajitetea kwamba desturi ya kwao mdogo haozwi kabla ya mkubwa. Hiyo desturi ilikuwako tangu siku ya kwanza. Labani hakuitaja, na Yakobo hakuuliza.

Ukifika sura ya 30, Yakobo amejifunza. Anapoulizwa tena mshahara, anataja kwa alama ambazo mtu yeyote anaweza kuziona: wanyama wenye madoadoa na mabaka ni wake, na atakayekutwa kwake bila alama ahesabiwe ameibwa. Ni kweli, Labani alijaribu kumzunguka siku ile ile, na mshahara aliubadilisha mara kumi. Aliyemtetea Yakobo ni Mungu. Lakini safari hii Yakobo alikuwa na neno la kushikilia.

Tuliyoyaona kwenye barua

Basi mimi na dada tukaketi, kalamu mkononi. Amenikubalia nisimulie bila jina lake.

Kwanza, kipindi cha majaribio kilikuwa mwaka mzima. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kisizidi miezi sita, na kikiongezwa, kisizidi miezi sita mingine na mfanyakazi akubali. Pili, likizo haikutajwa kabisa. Sheria inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, zenye malipo. Tatu, yeye akitaka kuondoka atoe notisi ya miezi mitatu, lakini mwajiri atoe mwezi mmoja. Nne, ule mshahara wa elfu 40 ulikuwa kabla ya makato. SHA inachukua asilimia 2.75, yaani shilingi 1,100. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, shilingi 600. Bado NSSF na kodi. Yeye alikuwa ameshapanga kodi ya nyumba kwa elfu 40 nzima.

Akaniuliza swali ambalo wengi mnalo: "Nikiuliza, si watampa mtu mwingine?"

Sikumwahidi kitu. Nilimwambia aandike kwa heshima: ashukuru kwanza, aseme anaitaka kazi, kisha aulize mambo hayo manne, na aombe nyongeza kidogo. Wakarekebisha majaribio, wakaandika likizo, wakasawazisha notisi. Nyongeza walikataa. Akapiga hesabu upya, akatia sahihi akijua anachokubali. Kuuliza si kukosa imani, wala si kukosa adabu.

Na wewe unayefanya kibarua

Najua kuna mama hapa anasema, "Pasta, hayo ni ya watu wa ofisi. Mimi niko shamba la maua Naivasha, karatasi naletewa getini." Mama, sheria inakuona. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, na kuuandika ni kazi ya mwajiri. Kama huelewi lugha yake, ni wajibu wake ahakikishe umeelezwa kwa lugha unayoielewa. Uliza pia kama shamba lenu liko chini ya makubaliano ya pamoja ya chama cha wafanyakazi, uonyeshwe. Omba nakala. Ukikwama, nenda ofisi ya kazi hapa mjini, au uje na karatasi yako kanisani. Tuna mawakili wanaoabudu nasi, tutaisoma pamoja.

Usiwe Labani

Neno la mwisho ni kwetu tunaoajiri. Wengine tuna maduka, shule, mashamba. Na yule dada anayekulelea mtoto uje ibadani, ana karatasi yoyote? Anajua siku yake ya kupumzika? Mimi wiki hii nilijiuliza, nikakuta wetu ana miaka miwili na hana hata mstari mmoja. Tumeandika juzi, mimi na mke wangu, na tukamsomea. Aliuliza maswali mawili. Moja lilinifanya ninyamaze: kama atalipwa siku zile tulisafiri tukamwambia asije. Hatukuwa tumemlipa. Tumelipa.

Hatua ya wiki: itafute barua yako ya kazi, uisome yote. Kama umeajiri, mpe mtu wako yake.

Tuombe: Baba, asante kwa kazi. Tupe macho ya kusoma, kinywa cha kuuliza kwa heshima, na mikono inayolipa haki. Katika jina la Yesu. Amina.