Rangi Juu ya Kutu

Majuzi tulipita kwa fundi mmoja hapa Sumbawanga, tukakuta tela kuukuu lenye kibanda cha bati likitengenezwa ili liuzwe. Kijana anayejifunza kazi alikuwa ameshika brashi ya rangi, na huku kutu ingali imejaa katika mkono wa kuvutia. Tulipomwuliza, akacheka: "Mwalimu, nani ataona chini ya rangi?"

Swali hilo linastahili jibu.

Kwanza tutazame kazi yenyewe. Chuma huoshwa kwa sabuni kuondoa mafuta, maana ukitangulia na msasa mafuta huenea na kuingia katika mikwaruzo. Kisha hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa hata king'ae. Vumbi likishafutwa, rangi ya kuzuia kutu hupakwa siku ile ile, kwa kuwa chuma kitupu kikilala katika umande wetu, huanza kutu tena. Ukipaka juu ya kutu, rangi haikushika chuma bali imeshika kutu, nayo ikibanduka huondoka na rangi.

Wazee wa Ufipa walilijua jambo hili. Chuma kilichotoka katika malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambayo masalio yake tunayo hata leo, hakikufuliwa jembe papo hapo. Kilichomwa mara ya pili katika vintengwe, matanuri madogo, ili mavi ya chuma yatoke. Mnunuzi wa jembe hakuiona kazi hiyo, lakini aliitegemea kila alipolima.

Nasi tusijifanye safi. Zamani tulipokuwa tukifundisha, tulisikia wakaguzi wanakuja, tukapaka rangi vitanda vya bweni juu ya kutu. Wakaguzi walitusifu. Haukupita muda kitanda kimoja kikakatika, mtoto akaumia mkono. Hakuna aliyetulaumu, kwa sababu hakuna aliyejua. Tangu siku hiyo tukisikia yakisomwa maneno ya Bwana wetu juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa, hatuwafikirii Mafarisayo.

Basi nani ataona? Ataona yule atakayeshuka na tela hilo kwenda bonde la Rukwa, limejaa mahindi, na mkono ukatike mteremkoni.

Hata hivyo kijana ana hoja. Mwenye tela alikubali kulipia rangi tu, kukwangua hakukulipia. Mara ngapi sisi nasi tumembana fundi kwa bei hata asiweze kufanya kazi ya haki, kisha tukamwita mwongo? Anayenunua kazi kwa bei isiyotosha ameshiriki katika uongo huo.

Tulimwomba mwenye tela aongeze ujira wa siku mbili za kukwangua. Alinung'unika, akatoa wa siku moja. Siku ya pili tulishika msasa sisi wenyewe pamoja na yule kijana, na vidole vinatuuma hadi leo.