Wakitaja Maboresho, Uliza Asilimia

Shilingi 108,000. Kwa sheria ya zamani ya fidia nchini Tanzania, tuliyorithi kwa mkoloni, hapo ndipo palikuwa mwisho wa malipo ya mtu aliyepata ulemavu wa kudumu kazini. Akifa, wategemezi wake walipata isiyozidi 83,000. Miaka ikapita, shilingi ikaporomoka, mashine zikaendelea kula vidole, na namba hizo zikabaki palepale. Hakuna mtu aliyesimama bungeni akasema tumnyime fidia aliyeumia. Iliachwa tu ioze.

Ndugu mfanyakazi, naanzia huko kwa sababu wengi wetu tunadhani ulinzi tulio nao leo ulikuwepo siku zote. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyovunja dari hilo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Sasa ukiumia ukashindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya mshahara wako hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, unapata pensheni ya kila mwezi. Usipozidi hapo, unapewa malipo ya mkupuo na mnaagana. Kuna matibabu, utengemao, msaada wa mazishi, fidia ya mjane na watoto. Michango analipa mwajiri peke yake. Asikwambie mtu kwamba hiyo ni hisani: mashine ikivunjika inaagizwa spea, lakini kidole chako hakina spea.

Itazame tena hiyo 30. Siku mtu akiifuta na kuandika 40, hutasikia redioni kwamba wafanyakazi wamepokonywa pensheni. Utasikia "maboresho". Utasikia "uendelevu wa Mfuko". Aliyepoteza mkono ndiye atakayeelewa tafsiri yake, tena baadaye, akiwa dirishani na karatasi zake.

Kwingine yameshatokea. Mwaka 2012 serikali ya jimbo la New South Wales, Australia, ilisema mfuko wa fidia wa jimbo una nakisi ya dola bilioni 4 hivi, na bila kupunguza malipo, waajiri wangeongezewa mzigo. Sheria ikabadilishwa. Malipo ya kila wiki yakawekewa ukomo wa miaka 5 kwa yeyote ambaye ulemavu wake hauzidi asilimia 20. Matibabu nayo yakawekewa kikomo. Aliyeumia njiani akienda kazini, kwa sehemu kubwa, akaachwa ajitegemee. Na rungu halikuwaangukia tu wale ambao wangeumia kesho. Liliwafuata hata walioumia zamani, waliokwisha kupanga maisha yao kwa malipo hayo. Ilipofika Desemba 2017 miaka 5 ikawa imetimia, na malipo yakaanza kukatwa kwa watu ambao mgongo wao haukuwa umesoma kalenda.

Lakini kuna kundi lililokataa mapema. Tarehe 21 Juni 2012, kabla kura haijapigwa, wazima moto wa jimbo hilo waligoma, mara yao ya kwanza tangu 1956. Wakaendesha magari yao hadi mtaa wa Macquarie jijini Sydney, mbele ya Bunge, wakafungua mipira ya maji kuelekea jengo. (Usije ukaiga hilo, kwetu huku maji ya washawasha huelekea upande wa pili.) Sheria ilipopita, wazima moto walikuwa wameachwa nje ya makato, pamoja na polisi na wahudumu wa magari ya wagonjwa. Wauguzi, wajenzi, wapishi na wafagizi wakabaki ndani.

Sifa zao wanastahili, ila mimi hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi. Waliosimama walipona, na ambao hawakuwa na gari jekundu la kuegesha mbele ya Bunge wakakatwa. Basi fundi umeme, mchuma chai, dereva wa lori na mpiga lipu wasikubali kujadiliwa kila mtu chumba chake.

Hapa kwetu waajiri wa sekta binafsi walianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara. Mwaka 2021 ikashuka hadi 0.6, na 2022 hadi 0.5. Sina ugomvi na hilo; Mfuko ukiwa na nguvu, mzigo upungue. Ila lihifadhi kichwani. Siku neno "nakisi" likitajwa, wa kwanza kuuliza awe wewe: upande gani ulipunguziwa kwanza, na kwa nini sasa usirudishe kabla ya kugusa mkono uliokatika?

Na swali hilo halitakuwa na uzito kama ajali zetu wenyewe tunazificha. Unaijua hadithi: kidole kimebanwa, msimamizi anakuvuta pembeni, anakupa hela ya soda, anasema pumzika siku mbili, haya mambo tusiyaandike. Ukiipokea umejikata fidia mwenyewe, kwa bei ambayo hakuna waziri angethubutu kuitaja. Mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa ya ajali. Wewe una miezi 12 ya kudai. Ajali isiyoandikwa haipo, na ajali zisizokuwepo ndizo zitakazotumika kuonyesha kwamba fidia ni nyingi kuliko majeraha.

Kamati ya Bunge ikiita wadau kutoa maoni, tusipeleke viongozi wenye suti peke yao. Aende na yule anayebonyeza simu kwa kidole gumba kilichobaki. Akae mbele. Asome mwenyewe kifungu kinachotaka kubadilishwa, namba ya zamani na namba mpya, kisha aulize kiwango chake yeye kitaangukia wapi.

Kabla ya siku hiyo kuna kesho asubuhi. Ukiingia zamu, mtafute mwenzako mwenye bandeji. Usimpe pole tu. Muulize taarifa yake imepelekwa tarehe ngapi, na kama hajui, ongozaneni ofisini kabla mashine hazijawashwa.