Jicho la Kushoto

Matatu ilitakiwa barabarani alfajiri, na ubavuni ulikuwa umebaki uso mmoja tu: uso wa mwanamuziki, mkubwa kama mlango. Nilikuwa na miaka miwili ya kushika eabrashi, na usiku ule, katika gereji moja ya Nairobi, niliachiwa uso huo niumalize peke yangu.

Kwa asiyeijua, eabrashi hushikwa kama kalamu na hupuliza rangi kwa hewa ya kompresa. Yangu ilikuwa ya kazi mbili. Ukibonyeza kifyatuo chini, hewa hutoka. Ukikivuta nyuma, sindano iliyoziba nozeli hurudi nyuma pamoja nacho, na rangi hufuata hewa. Kadiri unavyovuta ndivyo mstari unavyonenepa. Ndani ya mpini kuna springi ndogo ambayo kazi yake ni kuisukuma sindano mbele izibe nozeli mara tu kidole kinapolegea. Springi hiyo hukaa ndani ya kifuko chenye uzi: ukikikaza, kifyatuo huwa kigumu, ukikilegeza, huwa laini.

Kwenye saa nne hivi eabrashi ilianza kutema. Nilikuwa nikiachia kifyatuo na bado vitone vinaruka. Nikasema moyoni, springi imechoka. Nikafungua mpini, nikakaza kifuko robo mzunguko, ikatulia. Haikuchukua muda ikatema tena. Nikakaza nusu mzunguko. Ikatulia, ikatema. Nikakaza mpaka uzi ukaisha.

Kuvuta springi iliyokazwa hivyo kwa kidole cha shahada, saa baada ya saa, si mchezo. Kidole kilianza kutetemeka, nami nilikuwa nimefika kwenye kope. Kope moja inataka uvute kidogo mno, kiasi ambacho jicho halikioni, mkono tu ndio unaokijua. Springi ngumu haikupi kiasi hicho. Inakataa, inakataa, kisha inaachia kwa mara moja. Ndivyo ilivyoachia kwenye jicho la kushoto. Rangi nyeusi ilimwagika ikateremka shavuni kabla sijafikia kitambaa.

Kwa kushtuka nikaondoa kidole ghafla, kifyatuo kikaruka mbele. Nozeli ya milimita 0.3 ina mdomo mwembamba sana. Sindano ikiupiga kwa nguvu ya springi iliyokazwa, mdomo hupanuka au hupasuka. Wa nozeli yangu ulipasuka.

Mzee aliyenifundisha alikuwa amelala kwenye gari jingine. Alikuwa akipaka matatu tangu kabla ya sheria za matatu za Waziri Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zile zilizoleta mstari wa manjano, na sikuwahi kumwona akifanya kazi kwa pupa. Nilipomwamsha, alitazama shavu, akatazama mkono wangu.

“Kijana wangu, sindano umeitoa ukaiona?”

“Bado, Mzee.”

Akalegeza nati inayoshika sindano, akaivuta nje taratibu, akaiinua kwenye taa. Katikati yake, mahali inapopita kwenye woshea inayozuia rangi kurudi nyuma, palikuwa na pete ya rangi iliyokauka, ngumu kama kucha. Woshea ilikuwa imelegea na rangi imepenya nyuma. Sindano ilikuwa inanata, hairudi mbele mpaka mwisho, na nozeli ikabaki wazi kidogo. Kila nilipokaza springi niliilazimisha sindano ipite kwenye uchafu ule kwa muda, na uchafu ukazidi kukauka. Springi haikuwa na kosa lolote.

Aliifuta kwa kitambaa chenye thina, akielekea kwenye ncha, akiizungusha. Akakaza skrubu ya woshea kidogo tu, kwa sababu ikibanwa mno nayo huishika sindano vilevile. Akafunga nozeli mpya, akarudisha sindano mpaka ikaigusa, bila kuisukuma zaidi, akakaza nati. Springi aliiacha mwisho. Alilegeza kifuko hadi kifyatuo kikashindwa kurudi chenyewe. Akakaza kidogo, akavuta, akaachia polepole. Akakaza tena kidogo. Kiliporudi bila kusita, akasimama hapo hapo.

Nilipoishika nilidhani imeharibika, kwa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Wapo mafundi wanaopenda springi ngumu zaidi, hasa wa kujaza maeneo makubwa, na sibishani nao. Kwa kope na nywele sijaona kinachoshinda springi laini kwenye sindano safi.

Shavu lilipigwa msasa na jicho likachorwa upya kesho yake. Gari lilikosa kazi ya siku nzima, na nozeli nililipa mimi.

Wewe unayeanza kazi hii, kifyatuo kikichelewa kurudi au eabrashi ikitema baada ya kuachia, toa sindano kwanza uitazame kwenye mwanga. Kifuko cha springi kiguse mwisho.